Kuutambua Muhogo kwa Jani Lake: Somo la Shambani Kutoka Kisiwa cha Mafia

Utangulizi

Mkulima wa mahindi huchagua mbegu akiwa ameishika mkononi. Mkulima wa muhogo hana nafasi hiyo. Zao lenyewe limefukiwa ardhini, na anachopewa na jirani yake ni kipande cha mti mkavu kisicho na mzizi wala jani. Miezi tisa au kumi na miwili baadaye, anapong'oa, ndipo anapojua kama alipanda alichokusudia. Kwa sababu hiyo wakulima wa muhogo wamejizoeza kuutazama mmea uliosimama, na hasa jani lake, ili wakisie kilichopo chini.

Katika kisiwa cha Mafia, mkoa wa Pwani, jambo hili lina uzito wake. Mnazi ndio mti wa biashara wa kisiwa hicho tangu zamani, lakini muhogo ni miongoni mwa mazao yanayoitegemeza nyumba wakati mpunga unapopungua. Huota katika ardhi ya mchanga, husubiri shambani bila kuharibika upesi, na majani yake hutoa kisamvu. Mbegu, yaani pingili, huhama kutoka mkono hadi mkono: kutoka Kanga hadi Kirongwe, kutoka Baleni hadi Kilindoni, na wakati mwingine huvuka bahari kwa chombo kutoka Nyamisati, upande wa bara. Kila zinapohama pingili, huhama pia jina, sifa, na pengine ugonjwa.

Makala haya yanaeleza jinsi jani linavyoweza kutumika kuzitambua aina za asili za muhogo, na mahali ambapo jani halitoshi. Mwalimu wa Biolojia au wa Kilimo anaweza kulifanya somo hili mahali popote penye shamba la muhogo.

Kwa nini aina ni nyingi

Muhogo, ambao jina lake la kisayansi ni Manihot esculenta, asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno ndio walioufikisha Afrika katika karne ya 16, na kutoka vituo vyao vya pwani ukaenea polepole. Ni mmea unaozaa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ile aitumiayo mkulima: shina hukatwa pingili, na kila pingili huota mti unaofanana kabisa na mama yake kwa urithi. Miti yote itokanayo na mti mmoja kwa njia hii ni kama mti mmoja uliogawanywa.

Njia ya pili ni ya maua. Muhogo hutoa maua ya kike na ya kiume katika kichala kimoja, lakini ya kike hutangulia kuchanua. Kwa hiyo chavua mara nyingi hutoka mti mwingine, ingawa yaweza pia kutoka kichala kingine cha mti ule ule. Tunda linapokauka hupasuka kwa kishindo na kurusha mbegu zake. Mbegu hizo huweza kuota zenyewe, hasa shamba linapofyekwa na kuchomwa moto. Mche wa namna hiyo haufanani kamili na mzazi yeyote, kwa maana muhogo hubeba jeni zilizochanganyika sana. Mkulima akiuona ni mzuri, huuacha ukue, huukata pingili, na aina mpya huwa imezaliwa. Ndivyo wakulima walivyozidisha aina za muhogo, kizazi baada ya kizazi, bila kituo cha utafiti wala daftari.

Sehemu za jani na namna ya kulipima

Jani la muhogo lina kikonyo kirefu kinachoishia katika kitovu cha jani. Kutoka kitovu hicho bapa la jani hugawanyika kama vidole vya mkono. Idadi ya vidole kwa kawaida ni witiri: 3, 5, 7 au 9. Kidole cha kati ndicho kirefu kuliko vyote, na ndicho kinachopimwa.

Maumbo ya kidole cha kati yanayokutana mara nyingi ni haya:

1. Umbo la ukanda: kidole chembamba, kingo zake karibu sambamba.
2. Umbo la mkuki: kidole kirefu, kipana katikati au chini kidogo ya katikati, kisha huchongoka kuelekea nchani.
3. Umbo la mkuki uliogeuzwa: upana mkubwa uko kati ya katikati na ncha.
4. Umbo la yai: kidole kifupi kipana, kilichonenepa upande wa kitovu.
5. Umbo lenye kiuno: kingo hubanwa katikati, kama mwili wa gitaa.

Pamoja na umbo, mtazamaji huandika rangi ya kikonyo (kijani cha manjano, kijani, nyekundu au zambarau), rangi ya majani machanga ya kileleni (kijani au zambarau), na kama majani hayo machanga yana vinyweleo au hayana.

Jani lolote halifai. Mmea mmoja huweza kubeba majani ya vidole 3, 5 na 7 kwa wakati mmoja. Mche mdogo huwa na vidole pungufu, na majani yaliyo karibu na maua mara nyingi hurudi kuwa na vidole vitatu au hata kimoja. Jani lililoota kivulini huwa na sura tofauti na lililoota juani. Kwa hiyo wataalamu wamekubaliana juu ya kanuni. Rangi na vinyweleo vya majani machanga hutazamwa mmea ukiwa na miezi 3. Umbo la kidole, idadi ya vidole na rangi ya kikonyo hutazamwa ukiwa na miezi 6, kwa jani lililokomaa la katikati ya kimo cha mti. Kwa idadi ya vidole huhesabiwa majani matano, na huandikwa idadi iliyojitokeza mara nyingi zaidi. Shina hutazamwa katika mwezi wa 9, na mizizi wakati wa kuvuna.

Anayefuata kanuni hiyo anaweza kulinganisha jani la Bweni na jani la Utende bila wasiwasi. Asiyeifuata hulinganisha umri wa mimea akidhani analinganisha aina.

Ufunguo wa utambuzi

Ufunguo wa utambuzi ni orodha ya maswali yaliyopangwa mawili mawili, na kila jibu humpeleka mtazamaji kwenye swali jingine au kwenye jina la kundi. Ufunguo ufuatao umetungwa kwa matumizi ya darasa. Urefu wa kidole cha kati hugawanywa kwa upana wake mkubwa kabisa, na jibu huitwa uwiano.

1. (a) Kingo za kidole cha kati zimebanwa katikati: Kundi A.
(b) Kingo hazikubanwa: nenda 2.

2. (a) Uwiano ni 6 au zaidi: nenda 3.
(b) Uwiano ni chini ya 6: nenda 4.

3. (a) Kikonyo ni chekundu au cha zambarau: Kundi B.
(b) Kikonyo ni cha kijani au kijani cha manjano: Kundi C.

4. (a) Upana mkubwa uko kati ya katikati na ncha: Kundi D.
(b) Upana mkubwa uko katikati au chini yake: nenda 5.

5. (a) Majani machanga yana vinyweleo: Kundi E.
(b) Majani machanga hayana vinyweleo: Kundi F.

Tuseme kidole cha kati kina urefu wa sentimita 16 na upana wa sentimita 2, hakina kiuno, na kikonyo chake ni chekundu. Uwiano ni 16 kugawanya kwa 2, yaani 8. Mmea huo ni wa Kundi B. Mmea wa pili una kidole chenye urefu wa sentimita 15 na upana wa sentimita 5, nao upana huo uko karibu na ncha. Uwiano ni 3, na mmea ni wa Kundi D.

Izingatiwe kwamba ufunguo unatoa kundi, hautoi aina. Aina kumi tofauti zaweza kuingia katika Kundi B. Kanuni ya kukumbukwa ni hii: majani mawili yakitofautiana kwa umbo, na yote mawili yamechumwa kwa kanuni kutoka mimea yenye afya, kuna sababu ya kusema kwamba mimea hiyo si ya aina moja. Majani mawili yakifanana, hakuna sababu ya kutosha ya kusema kwamba mimea hiyo ni ya aina moja. Jani lina nguvu ya kukanusha kuliko ya kuthibitisha.

Mfano wa nyanya

Kanuni hiyo haihusu muhogo peke yake. Watunzaji wa mbegu za zamani za nyanya hugawa aina zao kwa jani. Nyanya nyingi zina majani yenye kingo zilizochongwa meno, lakini baadhi, kama aina mashuhuri ya Marekani iitwayo Brandywine, zina majani mapana yenye kingo laini kama ya kiazi ulaya. Tofauti hiyo kubwa husimamiwa na jeni moja. Jeni ya jani la kiazi hushindwa na ile ya jani la kawaida, kwa hiyo sura ya kiazi hutokea pale tu mmea unapopata jeni hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili.

Hapo pana faida ya vitendo. Tuseme mkulima amechukua mbegu katika mmea wa jani la kiazi, akapanda 40, na miche 2 ikatoka na jani la kawaida. Miche hiyo haikuzaliwa na chavua ya mama yake. Ama nyuki alileta chavua kutoka aina nyingine, ama mbegu zilichanganyika. Mkulima huing'oa mapema, kabla hajasubiri tunda. Lakini miche 38 iliyobaki haijathibitishwa kuwa safi, kwani chavua ingeweza kutoka katika aina nyingine yenye jani la kiazi. Hapa tena jani limekanusha bila kuthibitisha.

Tofauti kati ya mazao haya mawili ni njia ya uzazi. Nyanya huhifadhiwa kwa mbegu, na hatari yake ni kuchanganyika kwa chavua. Muhogo huhifadhiwa kwa pingili, kwa hiyo urithi wake haubadiliki kwa urahisi, lakini kila ugonjwa uliomo katika mama humwingia mtoto.

Jina moja, mimea miwili. Mmea mmoja, majina mawili

Jina la muhogo hubeba habari nyingi: jina la aliyeuleta, la kijiji ulikotoka, au la sifa yake. Lakini jina si kitambulisho. Katika miaka ya 1930 kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, kilianza kazi ya kuzalisha mihogo inayostahimili magonjwa. Watafiti H. H. Storey na R. F. W. Nichols, na baadaye D. L. Jennings, waliuvusha muhogo na jamaa zake wa mwituni, ukiwamo mti wa mpira wa Ceará. Mojawapo ya mimea iliyotokana na kazi hiyo ilipewa namba 46106/27. Ilifika pwani ya Kenya na kujulikana kwa jina la Kaleso. Kusini mwa Tanzania wakulima walikuwa na muhogo waliouita Namikonga, unaosifiwa kwa kustahimili ugonjwa. Wanasayansi walipolinganisha urithi wa mimea hiyo miwili maabarani, waliona kwamba Kaleso na Namikonga ni mmea mmoja.

Maana yake ni kwamba mmea wa kituo cha utafiti uliweza kuingia katika mashamba ya wakulima, ukapoteza namba yake, ukapata jina la nyumbani, na kuhesabiwa kuwa wa asili. Mwanafunzi wa Mafia anayeandika majina ya mihogo ya kijijini kwake hana budi kuandika jina, jani, na habari za ulikotoka, vyote vitatu pamoja.

Jani linapodanganya

Magonjwa mawili ya virusi huusumbua muhogo wa Afrika Mashariki, na yote mawili yanahusu somo hili.

La kwanza ni batobato. Lilielezwa kwa mara ya kwanza na mtaalamu wa Kijerumani, Warburg, mwaka 1894, kutokana na mimea ya nchi hii. Jani lililoshikwa huwa na madoa ya kijani kilichofifia na manjano, hujikunja, hupungua ukubwa, na vidole vyake hupinda. Mtu anayepima umbo la jani hilo hupima ugonjwa, hapimi aina. Aina mbili tofauti zikishikwa sana na batobato huanza kufanana. Kwa hiyo jani lenye madoa au mikunjo halichumwi kwa utambuzi.

La pili ni michirizi kahawia, lililoelezwa na Storey wa Amani mwaka 1936. Mwambao wa Afrika Mashariki, ambao Mafia ni sehemu yake, ndio eneo la kale la ugonjwa huu. Kwa muda mrefu ulidhaniwa kuwa ni ugonjwa wa nchi za chini, hadi mwaka 2004 ulipoanza kuonekana katika nyanda za juu za Uganda. Tabia yake ni ya hila. Jani halipindi wala halipungui. Hubaki na umbo lake kamili. Dalili ni umanjano kandokando ya mishipa ya majani yaliyokomaa ya chini, majani ambayo mara nyingi hudhaniwa yanazeeka tu. Shina bichi huweza kuwa na michirizi ya rangi ya kahawia. Ndani ya mzizi nyama hugeuka kuwa kavu, ngumu na ya kahawia, isiyolika. Nyumba iliyotegemea shamba hilo hugundua hasara siku ya kung'oa.

Magonjwa yote mawili huenezwa na inzi weupe wadogo wakaao chini ya majani, na pia huenezwa na mkulima mwenyewe anapogawa pingili za mti ulioambukizwa. Hapa ndipo utambuzi wa aina unapogeuka kuwa hatari ukitumiwa peke yake. Mtu huliona jani, husema "huu ndio ule muhogo mzuri", na hukata pingili. Aina kweli ni ile ile, lakini mti huu ni mgonjwa. Desturi salama ni kuitazama mimea ingali hai na majani yake, kutazama juu na chini, kuiwekea alama isiyo na dalili, na wakati wa kuvuna kupasua mizizi yake kabla ya kuchukua pingili. Hata hivyo mti usio na dalili huweza kuwa na virusi, ndiyo maana pingili zilizokaguliwa na wataalamu hupendekezwa. Kwa kisiwa, tahadhari ya kutoingiza pingili ovyo kutoka ng'ambo ina faida maradufu, kwa kuwa maji yanayokizunguka ni ua uliokwisha jengwa.

Utamu na uchungu

Wako wanaoamini kwamba jani jembamba au kikonyo chekundu ni alama ya muhogo mchungu. Alama hizo zaweza kuwa kweli kwa aina fulani katika kijiji fulani, ambako watu wameijua aina hiyo kwa miaka mingi. Haziwi kanuni ya muhogo wote. Hakuna umbo la jani linalotegemewa kuonyesha kiasi cha sumu katika mzizi.

Sumu yenyewe hutokana na linamarini, kitu kilichomo katika mizizi na majani. Katika mmea mzima, linamarini na kimeng'enya kinachoivunja hukaa mbali mbali. Muhogo unapopondwa au kukwaruzwa hukutana, na mwisho wake hutoka sianidi ya haidrojeni. Gesi hiyo huchemka katika nyuzi 26 hivi za Sentigredi, kwa hiyo katika joto la pwani hutoroka hewani kwa urahisi. Ndiyo sababu kisamvu hutwangwa sana kabla ya kupikwa, na muhogo mchungu humenywa, hulowekwa au huvundikwa, hupondwa na kuanikwa. Kuuchemsha mzima hakutoshi, kwa kuwa joto huua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, na linamarini hubaki ndani.

Wakulima hawapandi muhogo mchungu kwa kutojua. Mafia ina nguruwe mwitu wanaoharibu mashamba, na muhogo mchungu hauwavutii wanyama wala wezi kama ule mtamu. Lakini kiasi cha sumu huongezeka wakati wa ukame, yaani wakati ule ule njaa inapowafanya watu wafupishe matayarisho. Mwaka 1985, katika wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara, ulizuka ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu kwa ghafla na usiopona. Ulihusishwa na ulaji wa muhogo mchungu usiotayarishwa vya kutosha. Kosa la kutambua aina, basi, laweza kuwa kosa la maisha.

Kazi ya darasani

Wanafunzi wagawanywe katika vikundi vya watu wanne. Kila kikundi kichague mimea mitano yenye umri wa miezi sita hivi, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Kutoka kila mmea zichukuliwe habari zifuatazo: jina analolitaja mwenye shamba, mahali pingili zilikotoka, idadi ya vidole katika majani matano, urefu na upana wa kidole cha kati, rangi ya kikonyo, rangi na vinyweleo vya majani ya kileleni, na dalili zozote za ugonjwa. Jani moja likandamizwe kati ya magazeti makavu chini ya vitabu vizito kwa muda wa wiki mbili, magazeti yakibadilishwa kila siku mwanzoni. Kisha ligundishwe kwenye karatasi ngumu pamoja na maandishi yake.

Utomvu wa muhogo uoshwe mikononi baada ya kazi, na mizizi mibichi isionjwe. Maabara hupima sumu kwa karatasi ya manjano yenye pikireti, ambayo hugeuka kahawia kadiri sianidi inavyozidi; jaribio hilo halifai kufanywa shuleni bila mtaalamu.

Hitimisho

Maswali matatu humkabili anayepokea pingili: je, ni aina ileile, je, ni nzima, je, ni tamu? Jani hujibu sehemu ya swali la kwanza. Swali la pili hujibiwa kwa kuutazama mti wote na kuupasua mzizi. Swali la tatu hujibiwa na kumbukumbu za wanaoijua aina hiyo, na kwa uhakika zaidi na maabara. Mzee anayesema "huu naujua" huwa amekusanya majibu ya maswali yote matatu kwa miaka mingi. Sayansi ya shule yaweza kuyaandika majibu hayo kabla hayajapotea pamoja na aina zenyewe.

Maswali

1. Kwa nini miti yote iliyotokana na pingili za mti mmoja hufanana kwa urithi, ilhali miche iliyoota kwa mbegu haifanani?
2. Kidole cha kati kina urefu wa sentimita 14, upana wa sentimita 3.5 katikati yake, hakina kiuno, na majani machanga hayana vinyweleo. Mmea ni wa kundi gani?
3. Eleza kwa nini batobato huharibu utambuzi wa aina, na michirizi kahawia haiharibu utambuzi bali huharibu zao.
4. Mkulima anasema kwamba muhogo wake ni mtamu kwa sababu jani lake ni pana. Ni habari gani nyingine zinahitajika kabla ya kukubali usemi wake?
5. Kwa nini kutwanga kisamvu kabla ya kukipika ni bora kuliko kukichemsha majani yakiwa mazima?